Mafuta ya Ubani kwenye Mikono Minne

Mnisamehe kwanza kwa tahajia na kwa mwandiko wangu. Shule niliishia darasa la nane, na tangu hapo mkono wangu umeshika ufagio zaidi ya kalamu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama zimechoka, na kuna maneno nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia tu. Ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Lakini hakuna neno nililoliweka hapa bila kulifikiria, na siandiki ili moyo wangu upoe. Moyo wangu ukipoa nitaacha kuandika.

Nilipofika Doha tulikuwa wanne chumbani, katika nyumba kubwa ya Muaither iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao. Vitanda viwili vya ghorofa, kabati moja lenye milango minne, kila mtu na kufuli lake.

Mkubwa wetu tulimwita Anti. Alikuwa mlezi wa bibi mmoja mgonjwa, mwenyeji wa hapa, na alikuwa amekaa miaka mingi kiasi kwamba Kiarabu kilimtoka bila kufikiri. Anti anatoka tarafa moja na kwetu nyumbani. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, akanifundisha basi la kupanda na namna ya kujibu msimamizi. Ijumaa, siku ya mapumziko huku, ndiye aliyeongoza ushirika wa akina mama tukitoka kanisani Mesaimeer. Nilimheshimu kama shangazi wa damu.

Kitanda cha juu yangu alilala dada wa Nairobi aliyetengeneza kahawa kwenye kibanda ndani ya jumba la maduka, Lusail. Nitamwita dada wa kahawa. Alikuwa mzuri, ana maneno, na alipocheka chumba chote kilicheka hata kama hatukusikia kilichosemwa. Wa nne alikuwa askari, Mganda, aliyelinda mlango wa wanawake kwenye jumba jingine. Mrefu, mpole, akivua viatu anashusha pumzi kama amefika mbinguni.

Mimi nilikuwa nafagia na kupiga deki maofisini, ghorofa ya nne, Lusail hiyohiyo. Nilikuwa sisemi. Siyo kwamba sikuwa na la kusema, lakini nilipokuwa nalitafuta neno, wenzangu walishafika mbali.

Sikukuu ya Idi, yule bibi mgonjwa alimpa Anti kichupa cha mafuta ya manukato, urefu wa kidole gumba, kizibo chake kina kijiti cha kioo. Mafuta ya ubani. Si yale matamu yanayonukia waridi na sukari, yanayouzwa kila kona. Haya yalikuwa makavu. Sijui neno jingine. Ukiyanusa koo linataka maji. Kwenye mkono wa Anti yalinukia kama kanisa asubuhi kabla watu hawajaingia: moshi wa mbali, jiwe baridi, na kitu kama ganda la ndimu lililoanikwa juani. Alipita, na ile harufu ikabaki imesimama pale alipokuwa.

Hakutupa hata tone. Askari alimwomba siku moja, kwa utani na kwa maneno ya kwao Uganda.

"Anti, nipake kidogo nami ninukie kama malkia, bambi."

"Haya si mafuta ya kujipaka ovyo, mdogo wangu. Haya ni zawadi ya mtu anayeondoka duniani."

Akafunga kabati. Kwenye kioo cha kichupa aliweka alama kwa rangi ya kucha, nyekundu, kuonyesha mafuta yalipofikia. Hivyo sisi watatu tulijua harufu ya yale mafuta kwa mkono mmoja tu, mkono wa Anti. Nawaomba mlishike hilo.

Ijumaa moja asubuhi, tukijiandaa kwenda Mesaimeer, Anti alitoa kichupa. Kisha akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mafuta yalikuwa chini ya alama, chini sana, kama robo ilikuwa imekwenda. Usiku kabati alilifunga, na ufunguo aliuweka chini ya Biblia. Kila mtu alijua.

"Leteni mikono," alisema.

Dada wa kahawa alicheka. "Anti, umekuwa polisi?"

"Leteni mikono. Mafuta haya hayafichiki. Aliyeyapaka ninamjua kwa pua."

Alianza na askari. Alimnusa kifundo cha mkono, shingo, nyuma ya masikio. Akamwacha. Akamnusa dada wa kahawa. "Wewe unanuka kahawa tu na sukari iliyoungua," alisema, na dada wa kahawa akajibu, "Ndiyo kazi inayonilisha, Anti." Tulishaizoea hiyo harufu yake. Tulimtania kwamba ameunguza sufuria ya karameli ikamwingia mwilini.

Kisha akanifikia mimi. Alinusa mkono mara moja tu, akainua kichwa. Akavuta mtandio wangu, akaunusa. Macho yake yalibadilika.

Sasa niwaeleze. Pale ofisini ninapofagia, kila asubuhi mtu wa chai huzunguka na chetezo cha ubani, chumba hadi chumba, mpaka kwa mkubwa wao. Mimi namfuata nyuma na ufagio. Moshi ule unaingia kwenye mtandio na kwenye mikono ya koti, na mtandio wangu mzuri ulikuwa mmoja, wa kazini na wa kanisani. Hivyo nilinukia ubani. Ubani wa moshi, siyo wa mafuta, lakini ni ubani.

"Ni wewe," Anti alisema.

"Ni ya kazini," nilisema. Ni hayo tu yaliyotoka.

"Kazini kwenu mnafagia kanisa?" dada wa kahawa aliuliza, na chumba kikacheka. Hata askari alicheka, ingawa aliuma mdomo baadaye. Nilitaka kusema habari za chetezo, za mtu wa chai. Neno la kwanza lilikuwa bado linakuja na Anti alishatoka mlangoni.

Angeishia hapo ningesema ni hasira ya asubuhi. Hakuishia hapo. Mchana baada ya ibada, akina mama wa ushirika walikuja kwetu kama kawaida, kumi na wawili hivi, sebuleni chini, na mimi ndiye niliyegawa chai. Anti alisimama kuomba. Aliombea wagonjwa, akaombea viza, halafu akasema, "Na Bwana, tunamkumbuka binti yetu mwenye mkono mwepesi, aliyetuibia chumbani mwetu, umguse." Hakutaja jina. Alinyoosha mkono na kunishika bega, huku nimebeba sinia. Vikombe viligongana. Wote walisema amina.

Hiyo amina sijaisamehe. Sikuisamehe siku ile na leo ninapoandika sijaisamehe.

Kuanzia hapo dada wa kahawa aliniita Ubani. "Ubani, umemaliza bafu?" "Jamani ficheni sabuni, Ubani amerudi." Akina mama walipokuja walibeba pochi zao mpaka chooni. Jikoni, chombo changu cha sukari kilitengwa peke yake, kana kwamba sukari yangu nayo imeiba. Yote hayo ningeyameza, mimi ni mtu wa kumeza. Lakini wiki ya pili mama alinipigia simu kutoka nyumbani. Mama ni shemasi katika kanisa letu. Hakunisalimia kwa utani wake wa siku zote. Nilisikia kuku wake nyuma.

"Mwanangu, mama yake Anti amenifuata kanisani, mbele ya watu. Ni kweli?"

"Si kweli, mama."

"Sawa," alisema. Lakini alisema kama mtu anayefunga mlango polepole asiamshe watoto. Akaniambia ameomba apumzishwe kugawa vikombe vya meza ya Bwana kwa muda, mpaka maneno yatulie.

Hapo ndipo nilipoanza kutaka kulipiza. Kabla ya simu ile nilitaka waniache tu. Baada yake nilitaka waone haya, wakiwa wamesimama, mbele ya watu walewale, na vikombe vyao mkononi.

Chini ya jengo ninalofagia kuna duka la mafuta ya manukato. Muuzaji ni mzee wa Sudani, mtaratibu, anayepangusa chupa zake kama anaogesha watoto. Siku moja nilipita na ndoo nikasikia ile harufu kavu. Nilisimama. Nikamwonyesha kwa kidole, kwa maana Kiarabu changu ni cha vitu vya kufagia tu. Alichukua kijiti cha kioo akanipaka tone kwenye kifundo cha mkono, akanionyesha saa ya ukutani: subiri.

Mwanzo ilikuwa ileile ya Anti, kali, inakwangua pua. Nilienda nikapiga deki ngazi. Niliporudi nilinusa mkono wangu na sikuamini. Kanisa halikuwepo. Moshi haukuwepo. Mkono ulikuwa unanukia penseli iliyochongwa sasa hivi na pilipili manga, kama dawati langu la darasa la nne nikiwa nimelalia kichwa.

Mzee aliniona ninavyoshangaa akacheka bila sauti. Kiswahili alikuwa nacho kidogo, cha watu aliowahi kufanya nao kazi. Aliniambia, "Hii mafuta kila mtu na yake." Akajipaka mwenyewe akanipa mkono: kwake ilikuwa ngozi ya kiatu kipya na asali kidogo. Akamwita askari wa mlangoni, Mnepali, akampaka, tukasubiri wote watatu: kwake ilikuwa saruji iliyonyeshewa. Mafuta ni yale yale, kijiti ni kile kile. Mzee alisema, kwa maneno machache na ishara nyingi, manukato matamu hayabadiliki sana, sukari inafunika kila kitu, lakini haya makavu hayana cha kujifunika, yanachukua alichonacho mtu kwenye ngozi, chakula chake, jasho lake, dawa zake.

Nilikaa kwenye ngazi na ndoo yangu. Nilielewa jambo la kwanza: ningekuwa nimeiba, nisingenukia ubani. Ningenukia penseli. Anti alipopita akinusa mikono yetu alikuwa anatafuta harufu yake mwenyewe juu ya watu wengine.

Halafu nikaelewa jambo la pili, na hilo lilikuja polepole kama ninavyoandika. Ile sukari iliyoungua ya dada wa kahawa. Alikuwa anatengeneza kahawa tangu kabla sijafika, lakini harufu ile haikuwepo mwanzoni. Ilianza baada ya Idi.

Sikuwa na hakika. Ndiyo maana sikusema. Na hata ningekuwa na hakika nisingesema chumbani, kwa sauti ndogo, ili aniite Ubani mwongo. Nilinunua kichupa kidogo kabisa cha yale mafuta, nikakificha kazini kwenye kabati la ndoo, nikasubiri. Nilisubiri wiki nne. Kila aliponiita Ubani nilisema "naam."

Nilichosubiri ni dada wa kahawa awe mapumzikoni. Alipewa siku nne, na ya nne iliangukia Ijumaa. Siku nne hakugusa kahawa. Alilala, alioga, alisukwa nywele, na harufu yake ilikwisha kabisa, maana hakuwa na mtu wa kujinukishia. Ijumaa hiyo alikuwa ananuka sabuni ya mche tu. Nilimnusa nilipompitishia taulo.

Mchana akina mama walijaa sebuleni. Niligawa chai. Anti alipouliza nani ana neno, nilisimama. Watu wengine walikuwa hawajawahi kusikia sauti yangu.

"Nimeleta mafuta," nilisema. "Yaliyopotea ni ya namna hii. Nataka kuyarudisha."

Nilikuwa nimepanga waelewe vibaya, na walielewa vibaya. Anti alifunika uso kwa mikono miwili. Mama mmoja alianza wimbo. "Asante Yesu," walisema huku na huku. Anti alinikumbatia, machozi yake yakanilowesha shingo, akasema, "Nilijua utarudi, mwanangu." Nilisimama wima kama mti wa deki nikamwacha alie.

"Anti, naomba jambo," nilisema. "Niwapake kwanza wa chumba changu, tone moja moja. Iwe amani."

Nani angekataa amani mbele ya akina mama kumi na wawili? Nilimpaka Anti. Nilimpaka askari, aliyesema, "Hatimaye, banange." Nilipofika kwa dada wa kahawa alirudisha mkono nyuma kidogo.

"Mimi mafuta makali yananikuna," alisema.

"Tone tu, mpenzi," mama mmoja alimwambia. "Usimkatalie mtoto."

Alitoa mkono. Nikampaka. Nikajipaka mimi. Kisha nikawaongezea watu chai, na ushirika ukaendelea, nyimbo mbili na somo refu la Anti kuhusu mwana mpotevu, akinitazama kwa upendo. Sijawahi kufurahia somo kama lile.

Lilipoisha nilisema, "Anti, tunuse tena. Kama siku ile."

"Ya nini tena, mwanangu? Yamekwisha."

"Tunuse tu."

Alicheka, akaninusa mimi kwanza, kwa ajili ya kunifurahisha. Kicheko kikakatika. Alirudia. "Hii siyo," alisema. "Umeleta mafuta mengine."

"Jinuse wewe."

Alijinusa. Ilikuwa kanisa asubuhi, ileile. Aliunusa tena mkono wangu, akampa mama aliyekaa karibu, naye akasema, "Mbona kama vumbi la penseli?" Askari alijinusa mwenyewe kabla hajaombwa. "Mimi nanuka ganda la chungwa kuukuu," alisema. "Kichupa ni kimoja, nimeona."

"Kila mtu na yake," nilisema. "Mimi nikijipaka mafuta yako ndivyo ninavyonukia, Anti. Ubani ulioniona nao siku ile ni wa moshi, wa chetezo cha ofisini. Nilisema ni ya kazini."

Dada wa kahawa alikuwa ameweka mkono chini ya mtandio. Sikumtaja. Nilikuwa nimejifunza kutotaja jina, nilifundishwa na maombi ya Anti. Ni askari aliyekuwa ameketi naye bega kwa bega. Alivuta pumzi, akageuka, akavuta tena.

"Wewe," alisema, "si uko likizo?"

"Eh. Kwani?"

"Siku nne hujaenda kazini."

"Sasa?"

"Sasa hiyo sukari ya kuungua inatoka wapi, nyabo?"

Anti aliinuka akauchukua ule mkono kwa nguvu kutoka chini ya mtandio. Alinusa. Sukari iliyoungua. Ilikuwa imejaa sasa, nzito, hata mimi niliyesimama mlangoni niliisikia. Ilikuwa harufu tuliyoitania miezi yote ile, asubuhi baada ya asubuhi.

"Manze, Anti, ni kidogo tu," dada wa kahawa alisema. "Nilikuwa napaka kidogo tu nikienda job. Wateja walikuwa wananiuliza nimepaka nini." Kisha alinigeukia mimi. "Si ungeniambia tu pembeni?"

"Wewe uliniita Ubani pembeni?" nilimuuliza.

Alipanda juu, na wiki ile ile aliomba kuhamishwa nyumba. Wakati anashusha sanduku lake ngazini nilikuwa napita na mkono mtupu. Sikumsaidia. Nilisimama ukutani kumpisha na nilihakikisha ananiona.

Lakini siku ile nilikuwa sijamaliza. Anti alikuja kunishika mikono, akisema nisamehe, mwanangu, shetani alinitumia. Akina mama walikuwa wanaangalia vikombe vyao. Nilimpa simu yangu.

"Mpigie mama yangu. Sasa. Uweke spika."

"Nitampigia jioni nikiwa nimetulia."

"Anti, mimi uliponishika bega nilikuwa nimetulia?"

Alipiga. Nilimwambia aseme kwa Kiswahili, siyo kwa lugha ya kwetu, ili kila mtu pale aelewe. Alisema yote, taratibu, na alipotaka kuruka jambo nilimkumbusha. Alisema kwamba alinituhumu bila ushahidi. Alisema kwamba aliniombea kama mwizi mbele ya watu. Alisema kwamba mama yake ndiye aliyepeleka maneno kanisani, na atamwambia asimame Jumapili ayarudishe palepale. Nilisikia raha ambayo sijui kama ni dhambi. Sikumwomba Mungu anisamehe, kwa hiyo sitajua.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa furaha, kwa sauti yake ya zamani, "Mimi nilijua! Mtoto wangu namjua mimi!"

Wote walipiga makofi. Mimi nilitazama ile simu mkononi mwa Anti. Hukujua, mama, niliwaza. Uliniuliza, ni kweli?

Mama amerudi kugawa vikombe. Anti amenitolea kabatini kile kichupa chake, akasema nijipake nitakapo, na nimekataa. Watu wote walionikosea nimewaona wakiinamisha macho, mmoja mmoja. Amebaki mama, huyu mmoja ambaye hajui kwamba alinikosea, na siwezi kumnyooshea mkono mbele ya watu. Kila Jumapili ananipigia, tunacheka, na neno liko mdomoni tayari kabisa, kwa mara ya kwanza maishani mwangu halijachelewa, na silisemi.

Kama wewe unayesoma uliwahi kuulizwa hivyo na mtu wako, mtu wa damu, niandikie. Usiniandikie kunishauri nisamehe, hayo nayasikia kila Ijumaa. Niandikie ulimjibu nini, na kama ulimwambia baadaye, alifanya uso gani. Nasoma polepole pia, lakini nitasoma yote.